Maswali ya Wasomaji: Alamu Imelia, Injini Imekataa

Barua tatu za mwezi huu zimetoka Jambiani, Chake Chake na Nungwi, na kwa sadfa zote zinahusu magari ya kulala ambayo alamu zake, kwa mujibu wa waandishi, zimeizuia injini kuwaka. Magari ya aina hii, yenye kitanda na jiko ndani yake, bado ni machache katika barabara zetu. Lakini mambo yaliyomo ndani ya barua hizi yanamhusu pia mwenye Noah, mwenye Vitz na kila aliyefungiwa alamu katika gari lake. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba hitilafu mbili zilizopandana, na ya pili kati ya hizo ilitajwa na mwandishi mwenyewe bila ya kujua kwamba ameitaja.

SWALI LA KWANZA

Assalamu alaykum, Fundi. Mjomba wangu aliishi Uingereza miaka mingi, na aliporejea nyumbani alikuja na gari la kulala lililojengwa juu ya Fiat Ducato ya dizeli ya mwaka 2004. Lina alamu ambayo haikutoka kiwandani. Mjomba alifungiwa huko huko Uingereza, na rimoti yake nyeusi inaning'inia kwenye pete ya funguo. Mjomba alipokwenda Dar es Salaam kwa matibabu aliniachia funguo za akiba na akaniusia niliwashe gari kila wiki. Nakiri kwamba sikufanya hivyo. Gari lilikaa chini ya mwembe wiki saba, masika yote, bila ya kuguswa.

Wiki iliyopita nilibonyeza rimoti, milango haikufunguka. Nikafungua kwa ufunguo, na papo hapo king'ora kikalia hata majirani wakatoka na fimbo. Kiliponyamaza, niliweka ufunguo nikazungusha: taa za dashibodi ziliwaka kwa unyonge, mbele kukasikika tik, tik, tik, basi. Fundi wa kwanza alisema alamu imeikata stata, akataka kukata nyaya zake zote, nikamzuia. Fundi wa pili alileta betri ya daladala akaifunga badala ya ile ya zamani. King'ora kikalia tena, na tukakizima kwa rimoti baada ya kubonyeza mara nyingi tukiwa tumesimama karibu na mlango. Tangu hapo stata inapiga kwa nguvu, lakini injini haishiki hata mara moja, na kitaa cha manjano chenye picha ya ufunguo kinabakia kinawaka. Ufunguo ninaoutumia ni mzuri kabisa, ulichongwa mjini mwaka jana na unafungua milango yote bila ya tabu. Mjomba anarudi mwezi ujao na mimi sina uso wa kumpokea. Je, tuikate hiyo alamu?

— Msomaji, Jambiani

JIBU

Wa alaykumu salaam. Usikate waya hata mmoja. Umefanya vyema kumzuia fundi wa kwanza, na umefanya vyema zaidi kuyaandika mambo kwa mpangilio wa kutokea kwake, kwa sababu mpangilio huo ndio ulionionyesha kwamba gari la mjomba wako lina maradhi mawili: moja uliliona siku ile ulipofungua mlango, na jengine lilikuwa limelala tangu mwaka jana likisubiri siku yake.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo sote huviita kwa jina moja la alamu. Kuna alamu yenyewe, ambayo kazi yake ni kuhisi na kupiga kelele: mlango ukifunguliwa, kioo kikivunjwa au kitu kikijongea ndani, king'ora kinalia. Kuna imobilaiza iliyokuja pamoja na alamu hiyo, kifaa kisicho na sauti yoyote, ambacho hukata njia za umeme zinazohitajika kuwasha injini. Alamu nzuri za Uingereza, zile zilizokaguliwa kwa viwango vya Thatcham, kituo cha utafiti cha kampuni za bima za huko, hukata angalau njia mbili, kwa mfano ya stata na ya mafuta. Halafu kuna imobilaiza ya kiwandani, ambayo haina uhusiano wowote na rimoti nyeusi ya mjomba wako. Hiyo imo katika kila gari jipya la abiria lililouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu Oktoba 1998, kwa amri ya sheria, na inamtambua mwenye gari kwa chipu iliyomo ndani ya kichwa cha ufunguo. Ducato ya mwaka 2004 inayo. Kitaa cha manjano chenye picha ya ufunguo ni chake yeye, si cha alamu ya kufungiwa.

Sasa turudi kwenye siku ya kwanza. Alamu iliyotegwa, yaani iliyowashwa ili ilinde, hailali. Inakula umeme kidogo kidogo usiku na mchana ili iendelee kusikiliza rimoti na kulinda milango. Tuseme alamu pamoja na saa ya redio na kompyuta ya gari vinakula miliampea 30, kiasi ambacho ni cha kawaida. Kwa siku moja ni ampea-saa 0.72, na kwa siku 49 ni zaidi ya ampea-saa 35. Kwa betri mpya ya ampea-saa 70 hiyo ni nusu yake. Kwa betri ya zamani, iliyokaa katika joto letu, ambayo imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake na ambayo hujimaliza yenyewe hata ikiwa haikuunganishwa na kitu, hiyo ni yote. Ndiyo maana rimoti haikufungua milango: kisanduku cha alamu kilikuwa hakina volti za kutosha kupokea amri na kuitekeleza. Ulipofungua kwa ufunguo, alamu haikuwa na njia ya kujua kwamba mkono ni wa mpwa wa mwenye gari, kwa kuwa alamu nyingi za kufungiwa humtambua mtu kwa rimoti tu. Kwake yeye ufunguo wa chuma na bisibisi ya mwizi ni sawasawa. Ikalia, kama inavyotakiwa.

Ile sauti ya tik, tik, tik ndiyo iliyompotosha fundi wako wa kwanza, na nataka niieleze vizuri kwa sababu kosa hili hulisikia kila siku. Imobilaiza inapoikata stata, aghlabu husikii kitu: unazungusha ufunguo, taa za dashibodi zinabakia na mwangaza wake ule ule, na mbele ni kimya kama kaburi, kwa sababu rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, imeachia na mkondo haufiki kwenye stata. Mfululizo wa tik tik maana yake ni kinyume cha hayo. Mkondo umefika, solenoidi ya stata, yaani sumaku ya umeme inayoiunganisha na betri, imevutwa, mota imejaribu kuzunguka, volti zimeanguka kwa kuwa betri haina nguvu, solenoidi imeachia, volti zikapanda kidogo, ikavutwa tena. Mtu mwenye mita ya kupimia umeme asingehitaji hata kufikiri. Betri iliyopumzika na iliyojaa inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu. Ikiwa chini ya 12 imekwisha. Wakati stata inapigwa, volti zisianguke chini ya 9.6. Mita ya kawaida inauzwa katika maduka ya vifaa vya umeme kwa bei ambayo ni ndogo kuliko ujira wa fundi kuja mara moja, na sioni kwa nini mwenye gari la kulala asiwe nayo katika droo ya vijiko.

Fundi wa pili alipobadilisha betri alifanya jambo sahihi bila ya kumaliza kazi. King'ora kulia wakati ule kusikushangaze. Ving'ora vingi vya alamu hizo vina betri yake ndogo ya ndani, iliyowekwa makusudi ili mwizi akikata betri kubwa kelele zisikome, na kisanduku cha alamu kinapopata umeme upya huwa kinakumbuka kwamba kilikuwa kimetegwa na kurudi katika hali hiyo hiyo. Kubonyeza rimoti mara nyingi karibu na gari kuliirudisha pia katika hesabu yake, kwa sababu rimoti hizi hutuma namba mpya kila zinapobonyezwa, na zikibonyezwa sana mbali na gari, tuseme mtoto alikuwa akiichezea ndani ya nyumba, rimoti na kisanduku hupotezana.

Kuanzia hapo alamu imeteguka, na imobilaiza yake pia. Ushahidi ni stata kupiga kwa nguvu. Kilichobakia ni kile kitaa cha manjano, na jawabu lake limo katika sentensi uliyoiandika kama ya kupita tu: ufunguo unaoutumia ulichongwa mjini mwaka jana.

Mchonga funguo ana mashine inayonakili meno ya chuma. Meno yakiwa sahihi, ufunguo utafungua milango na utageuza swichi ya stata. Lakini ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo wa asili kuna chipu ndogo sana, isiyo na betri ya aina yoyote. Kuzunguka tundu la ufunguo kwenye usukani kuna koili, yaani waya uliozungushwa, inayotoa mawimbi dhaifu ya masafa ya kilohezi 125 hivi. Mawimbi hayo huipa chipu umeme wa kutosha kujibu kwa namba yake, kompyuta ya gari huilinganisha na namba ilizozihifadhi, na zikilingana inaruhusu dizeli iingie ndani ya injini. Ufunguo wako hauna chipu, au una chipu ambayo gari halikufundishwa kuijua. Kwa hiyo stata inazunguka, mafuta hayaruhusiwi kuingia, na kitaa kinabakia kikikwambia sababu yake. Mjomba wako hakuwahi kuligundua hili kwa sababu yeye huendesha kwa ufunguo wake wa asili, na huu wa kuchongwa nina hakika hakuujaribu zaidi ya mlango.

Mpigie simu akupatie ufunguo wa asili kwa mkono wa mtu unayemwamini anayevuka na boti kutoka Dar es Salaam. Ukiupata, utoe katika pete yake, kwa maana funguo mbili zenye chipu zikiwa pamoja karibu na tundu zinaweza kuichanganya koili. Uingize, ugeuze mpaka kwenye nafasi ya taa tu, usipige stata bado, tazama kitaa. Kikizimika baada ya sekunde chache, piga stata. Kikibakia kinawaka, rudisha ufunguo nyuma kabisa, subiri kidogo, ugeuze upya. Mara nyengine kusoma hushindikana mara moja na kufaulu ya pili. Usiipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo, kwani utaichosha betri ya watu na kuiunguza stata ya mjomba.

Ikiwa kitaa kimezimika na injini bado haishiki, hapo ndipo tutakapoishuku upya imobilaiza ya alamu, kwa kuwa inaweza kuwa imeachia stata na kubakia imeshika njia ya mafuta. Tafuta kitaa kidogo chekundu cha alamu, aghlabu kimewekwa juu ya dashibodi: kikipepesa wakati ufunguo uko kwenye nafasi ya taa, mfumo haujateguka. Mjomba ana kijitabu cha alamu hiyo, na ndani yake kuna namba ya siri ya dharura ambayo mwenye gari huiingiza pale rimoti inapokufa. Namna ya kuiingiza inatofautiana kwa kila aina ya alamu, na hata ningekuwa naijua ya kwenu nisingeiandika hapa. Muulize mwenyewe kwa simu. Muulize pia ilipo kadi ya ufunguo iliyokuja na gari, kwa kuwa fundi mwenye kompyuta ya uchunguzi atahitaji namba iliyomo humo ili aufundishe ufunguo mpya wenye chipu. Fiat za miaka ya 1990 zilikuja na ufunguo mwekundu kwa kazi hiyo. Ya mwaka 2004 inategemea kadi.

Kuhusu kukata nyaya, sikuzuii kwa sababu ya heshima ya mali ya mjomba peke yake. Wafungaji wa alamu za Uingereza hupenda kutumia nyaya nyeusi tupu, zote rangi moja, ili mwizi asijue upi ni upi, na fundi wako naye hatajua. Zaidi ya hayo, rilei za imobilaiza hufunga njia ya umeme pale tu kisanduku kinapokuwa hai na kuziamuru. Ukikikata kisanduku, rilei zinabakia zimeachia, na lile gari ambalo leo stata yake inapiga kesho halitapiga kabisa. Kisha mtu ataanza kuunganisha waya na waya kwa kubahatisha, katika gari lenye mtungi wa gesi na mapazia.

Gari likiwaka, liendeshe. Usiliwashe dakika tano ukalizima, kwa sababu dakika tano hazitoshi kurudisha umeme ulioliwa wiki nzima. Nusu saa ya kwenda Makunduchi na kurudi mara moja kwa wiki itatosha. Wakati huo huo mwambie fundi afungue vichwa vya betri avisafishe, na atazame waya wa ethi unaotoka kwenye giaboksi hadi kwenye chasisi. Gari linalolala mita chache kutoka bahari ya Jambiani huliwa na chumvi mahali pasipoonekana, na ethi iliyooza huleta tik tik ile ile hata betri ikiwa mpya.

SWALI LA PILI

Fundi, salamu nyingi kutoka Chake Chake. Mimi na ndugu yangu tunayo HiAce ya Kijapani tuliyoigeuza kuwa gari la kulala, na tunawapeleka wageni Vumawimbi na Ras Kigomasha, ambako hulala ndani yake usiku mmoja au miwili. Tulifungiwa alamu na fundi mmoja. Tatizo ni kwamba inalia usiku wa manane, kwa kawaida saa nane au saa tisa, wakati wageni wamelala, na asubuhi dereva akizungusha ufunguo hakuna sauti yoyote, wala tik. Baada ya muda, tukifunga na kufungua milango kwa rimoti mara mbili tatu, gari linawaka kama kwamba halikuwa na neno. Betri tumeipima, inasoma 12.6. Wageni wamekwisha kulalamika, na mmoja alituuliza kama kuna wezi Pemba.

— Ndugu wawili, Chake Chake

JIBU

Ndugu zangu, wezi hawamo katika kisa hiki. Mumo nyinyi, wageni wenu na, nadhani, mjusi.

Kimya cha asubuhi, katika gari lenye betri ya volti 12.6, ni rilei ya imobilaiza. Alamu nyingi hujitega zenyewe: ufunguo ukitolewa, baada ya muda mfupi, mara nyingi usiofika dakika moja, imobilaiza inafunga njia ya stata hata kama hakuna aliyebonyeza rimoti na hata kama milango iko wazi. Dereva wenu anayelala nje hufika alfajiri, akakuta mlango umekwisha kufunguliwa na wageni kwa ndani, akapanda na kuzungusha ufunguo bila ya kubonyeza rimoti. Gari linakaa kimya kwa sababu hakuna aliyelitegua. Mnapofunga na kufungua kwa rimoti mnalitegua bila ya kujua, ndiyo maana linawaka. Dereva ajizoeze kubonyeza kitufe cha kufungua kabla ya kila kuwasha, na nusu ya malalamiko yenu itakwisha leo.

Kuhusu kelele za usiku, fundi wenu alifunga alamu ya gari la kawaida, ambalo likifungwa halitakiwi kuwa na kiumbe ndani yake. Vile vidude viwili vilivyobandikwa pembeni ya kioo cha mbele hutoa sauti za juu mno ambazo sikio la mtu halisikii, na kuupima mrejeo wake. Kitu kikijongea, mrejeo unabadilika na king'ora kinalia. Mgeni akijigeuza kitandani anatosha. Pazia linalopeperushwa na upepo wa kusi kupitia kidirisha cha dari linatosha. Na mjusi anayekimbiza wadudu juu ya kile kidude chenyewe anatosha zaidi ya wote, kwa kuwa kwa karibu hivyo mwendo wake mdogo huonekana kama wa mtu. Nimewahi kukaa ndani ya gari usiku kucha na tochi nikitafuta hitilafu ya umeme, na hitilafu ilikuwa na mkia.

Magari ya kulala yaliyofungiwa alamu yake maalumu huwa na hali ya usiku, ambapo milango, vifuniko vya makabati ya nje na ngazi ya kupandia vinalindwa kwa sumaku na swichi, huku vihisi vya ndani vimezimwa ili watu walale. Alamu nyingi za kawaida nazo zina njia ya kuvizima vihisi vya ndani kwa mzunguko mmoja wa kutega, kwa kubonyeza vitufe fulani vya rimoti kwa pamoja au mara mbili. Someni kijitabu, au mumuulize aliyeifunga. Ikiwa alamu yenu haina njia hiyo, mwambieni aweke swichi iliyofichwa kwa ajili ya vihisi hivyo peke yake, aachie milango ikilindwa. Kupunguza ukali wa vihisi kwa kile kiskurubu kidogo kutasaidia wakati wa mchana, lakini hakutoshi kwa gari lenye watu waliolala ndani yake.

Kabla ya kumwita fundi, itazameni ile taa nyekundu ya alamu baada ya kelele. Alamu nyingi huhesabu sababu kwa mipepeso: idadi fulani ni mlango, nyengine ni kihisi cha ndani, nyengine ni umeme kukatwa. Mkiihesabu na kuilinganisha na kijitabu, hamtakuwa na haja ya kubishana. Na kama kelele zinaendelea hata vihisi vikiwa vimezimwa na milango imefungwa sawasawa, mtazame king'ora chenyewe. Ile betri ya ndani niliyoitaja juu huchakaa kwa miaka kadhaa, khasa ikikaa chini ya boneti yenye joto, na ikichakaa king'ora huanza kulia ovyo kwa kudhani kwamba umeme umekatwa. Dawa yake ni kukibadilisha. Nyumba yake hubanwa kwa gundi na haikutengenezwa ifunguliwe.

Badilisheni pia betri ya rimoti, hata kama inaonekana inafanya kazi. Nyingi zinatumia kidonge cha CR2032 cha volti 3, na za zamani kile kijibetri cha volti 12 kinachofanana na kipande cha penseli. Ikidhoofika, rimoti inafanya kazi ukiwa umegusa mlango na inashindwa hatua tatu nyuma, na mtu hudhani ametegua kumbe hakutegua. Mlete rimoti ya nyongeza ya kuwaachia wageni. Wao ndio watakaohitaji kutoka usiku.

SWALI LA TATU

Fundi, gari letu la kulala lina paneli kubwa ya jua juu ya dari. Taa za ndani zinawaka, feni inazunguka, friji inapoza, lakini injini haiwaki, inatoa mlio mdogo tu na taa za dashibodi zinafifia. Kila fundi anasema betri imekufa. Betri iliyokufa inaendeshaje friji? Mimi nasema ni alamu.

— Msomaji, Nungwi

JIBU

Bwana, gari lako lina betri mbili. Moja, aghlabu iliyo chini ya kiti au katika kabati la nyuma, ni ya nyumba: taa, feni, friji na pampu ya maji. Nyengine, chini ya boneti au sakafuni karibu na dereva, ni ya injini, na alamu nayo imeunganishwa huko huko. Paneli za jua katika magari mengi ya namna hii huichaji betri ya nyumba peke yake. Injini inapowaka, rilei huziunganisha mbili hizo ili alternata, yaani jenereta ya injini, izichaji zote, na injini inapozimwa hutenganishwa ili friji isiile betri ya stata. Gari likiegeshwa Nungwi wiki kadhaa katika jua kali, betri ya nyumba hushiba kila siku huku alamu ikiimaliza ile ya injini bila ya mtu kuiongezea. Mafundi wako wamesema kweli, isipokuwa hawakukwambia ni betri ipi.

Pima ya injini kwa mita. Ikiwa iko chini ya volti 12, ichaji kwa chaja usiku mzima, au ishitue kwa waya kutoka gari jengine: nyekundu chanya kwa chanya, nyeusi kutoka hasi ya betri nzima hadi kwenye chuma cha injini ya gari lako, mbali na betri. Injini ikishawaka, usichomoe vichwa vya betri yako ili kujaribu alternata, kama nilivyowaona wengine wakifanya. Volti zinaruka na kuunguza dayodi za alternata, na kompyuta nayo ikipenda. Kisha mtafute fundi akuwekee kifaa kidogo kinachopitisha sehemu ya chaji ya jua kwenda kwenye betri ya injini, au, ikiwa kidhibiti cha paneli yako kina njia mbili za kutolea umeme, aunganishe ile ya pili ambayo huenda haikuunganishwa tangu mwanzo.